Mifuko Arobaini na Mitatu

Binti yangu Maren alikuwa na wiki kumi na mbili duniani, na tayari alikuwa ameikataa chupa mara thelathini na moja. Nilikuwa nahesabu. LaVonne, mama mkwe wangu, aliniambia kuhesabu vitu vya namna hiyo ni ugonjwa. Huenda ni kweli, lakini mimi ni mtu mbishi, na mtu mbishi hupenda kujua ameshindwa mara ngapi ili ajue amebakiza ngapi.

Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Jumatatu likizo ya uzazi ya mke wangu Darcy ilikuwa inakwisha, na Jumatatu hiyo hiyo redio ilikuwa inatangaza theluji ya kwanza ya msimu. Darcy anaendesha lori la wilaya la kuondoa theluji barabarani. Alifagia maegesho na kumwaga chumvi vijiani miaka sita kabla hawajampa lori kubwa lenye koleo la chuma mbele, na njia yake ni Barabara ya S, yenye kona kumi na nane na mlima unaotisha hata wanaume wanaojisifu. Bosi wake, Gordy, alikuwa amemwambia bila ubaya wowote kwamba theluji haingoji mtu. Asipofika Jumatatu, lori atapewa dereva mwingine, Wade, na likishakwenda kwa Wade halirudi.

Alhamisi jioni Darcy alikuwa ameniambia, akikunja nepi, bila kuniangalia, "Asipokunywa hadi Jumapili, nampigia Gordy namwambia ampe Wade."

"Atakunywa."

"Lyle, unasema hivyo kila siku."

"Na kesho nitasema tena."

Zamu yake ni saa kumi na mbili mfululizo. Mtoto wa miezi mitatu hawezi kukaa saa kumi na mbili bila kunywa, na mama hawezi kushuka kilima na tani za chumvi mgongoni huku ananyonyesha. Hesabu ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Mimi nilikuwa nimechukua likizo ya wiki sita ili nimzoeshe. Nilijaribu chupa za aina tano. Nilijaribu chuchu pana, chuchu nyembamba, chuchu iliyochovywa maji ya moto. Nilimlisha nikiwa nimekaa, nimesimama, natembea, naimba. Siku moja nilivaa gauni la kulalia la Darcy ili mtoto asikie harufu ya mama yake, na ndiyo siku aliyochagua LaVonne kuingia bila kubisha hodi, na bakuli lake la viazi na nyama ya kuoka mkononi. Aliliweka mezani, akaniangalia kuanzia juu hadi magotini.

"Rangi hiyo haikufai," akasema.

Maren alikuwa haangalii gauni wala wimbo. Chuchu ikiingia mdomoni alivuta mara mbili, akakunja uso, akaisukuma kwa ulimi, kisha akalia kilio cha mtu aliyedhulumiwa. Mimi nikaamua ni kiburi. Nilimwambia Darcy kwamba mtoto amekirithi kwa bibi yake, na LaVonne akasema la, kiburi hicho anakijua, ni cha akina Tollefsen, ukoo wangu.

Tatizo halikuwa uhaba wa maziwa. Friza yetu ya chini ya nyumba upande mmoja ilikuwa na nyama ya paa wa mwaka jana, na upande wa pili mifuko ya maziwa ya Darcy, arobaini na mitatu, imelazwa bapa, kila mmoja umeandikwa tarehe kwa kalamu nyeusi. Alikamua kila siku tangu Maren ana wiki moja. Kila tone alilokamua lilikwenda friza moja kwa moja, liwe akiba ya majira ya baridi, na mimi nilipotaka kujaza chupa nilichukua mfuko wa tarehe ya zamani kuliko yote. Ndivyo tunavyofanya kila kitu nyumbani kwetu. Cha zamani kwanza.

Basi Ijumaa hiyo, baada ya mara ya thelathini na moja, maziwa yakiwa yamenitapakaa mkononi na Maren akiwa mwekundu kwa hasira, simu ikalia. Ni Kip, kijana anayeendesha lori langu la maziwa nikiwa likizo.

"Lyle, niko kwa Orrin Pagel. Nina mafua. Pua imeziba kabisa, sisikii hata harufu ya ng'ombe."

"Basi usipakie."

"Ndiyo maana nakupigia. Uko dakika kumi tu, njoo uninusie."

Sisi wa malori ya maziwa tuna leseni ya pua. Watu wakisikia hucheka, lakini ndivyo ilivyo: kabla ya kuunganisha mpira na kuyavuta maziwa ya mkulima, ni lazima ufungue kifuniko cha tangi lake, uinamishe kichwa, unuse. Tangi moja baya likiingia kwenye lori linaharibu ya wakulima sita. Mzee Harlan, aliyenifundisha kazi, alikuwa na desturi moja ambayo nami nimeishika. Ukinusa ukaona ni mazuri, sema kwa sauti, "Pakia," hata kama uko peke yako, kwa sababu mwenye ng'ombe yuko mahali anasikiliza, hata kama anajifanya anafagia. Na ukiona ni mabaya, nyamaza. Nenda mpaka alipo, umtazame machoni, umwambie mwenyewe. Usimwambie kwa simu. Usiache karatasi mlangoni. Hadi siku hiyo, kwa miaka tisa, nilikuwa nimefanya hivyo mara saba, na zote saba nazikumbuka.

Nikamfunga Maren kifuani, nikaenda.

Orrin Pagel alikuwa mlangoni pa chumba cha tangi, kofia ya wawindaji ya rangi ya machungwa kichwani, maana kesho yake msimu wa kuwinda paa ulikuwa unafunguliwa na wanaume wote walikuwa wameshaanza kuvaa. Mtoto haruhusiwi ndani, basi nikamkabidhi. Orrin ana mikono ya kunyanyulia ndama. Alimshika Maren kama mtu aliyepewa kitu cha kioo, na Maren, mkorofi huyo, akakamata kifundo cha kidole chake na kuanza kukinyonya kwa nguvu.

Nikafungua kifuniko. Nikanusa. Nikakifunga, nikahesabu hadi kumi, nikanusa tena.

Kip alikuwa ananitazama. Sikusema kitu. Nikatoka nje.

"Orrin."

"Enhe."

"Siwezi kuyapakia."

Hakushtuka. "Yamechacha?"

"Hayajachacha. Yananuka sabuni. Pampu yako inavuta hewa mahali, maziwa yamepigwa mpaka yametoka povu na mafuta yake yamevunjika."

"Niliisikia inakoroma tangu jana," akasema. "Nikajiambia nitaitazama baada ya kuwinda." Akatikisa kichwa, akamtazama Maren. "Huyu ana njaa."

"Ana kiburi. Hataki chupa."

"Mbona kidole changu anakitaka? Na hakina hata ladha." Akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye maziwa yake ya siku mbili yanakwenda shimoni. "Mimi ndama akikataa ndoo, simlaumu ndama. Naonja kilichomo."

Niliona ananichokoza kulipa kisasi, na alikuwa na haki. Nikamchukua mtoto. Nilipomweka begani, bibu lake la shingoni, lile lililoloa maziwa asubuhi, likaja chini ya pua yangu.

Nikasimama pale pale.

Nikalinusa tena. Kisha nikanusa mkono wangu wa shati, uliokuwa umeanza kukauka.

"Sasa unamkagua na mtoto?" Orrin akauliza.

Sabuni. Sabuni kuukuu, ile ile niliyoiacha ndani ya tangi lake dakika mbili zilizopita.

Nyumbani niliyeyusha mifuko mitatu kwenye maji ya uvuguvugu, mmoja wa Septemba, mmoja wa Oktoba, mmoja wa wiki iliyopita. Nilipokuwa nimeinamia vikombe hivyo jikoni, nimekwisha kunusa na sasa naonja, LaVonne akaingia.

"Lyle," akasema polepole, "niambie hayo ni maziwa ya kahawa."

"Onja."

"Sionji maziwa ya mwanangu!"

"LaVonne, nakuomba. Onja."

Alionja kwa ncha ya kijiko, akakimbilia sinki. "Mungu wangu! Maji ya kuoshea vyombo!"

"Kila mfuko."

"Na wewe umekuwa unampa mjukuu wangu maji ya vyombo mwezi mzima, halafu unasema ana kiburi?"

Nilipiga simu zahanati. Nesi alinisikiliza, akaniambia hutokea kwa baadhi ya akina mama. Maziwa yao yana nguvu nyingi ya kuyeyusha mafuta, na yakikaa, hata kwenye baridi, ladha inageuka. Hayana madhara. Wako watoto wanaoyanywa bila shida na wako wasioyagusa. Dawa ni kuyapasha moto mapema, yakiwa mabichi, mpaka vipovu vianze kuonekana pembeni mwa sufuria, kisha kuyapoza haraka na ndipo kuyagandisha. Yaliyokwisha kugeuka hayarudi. Mambo haya niliyasoma darasani miaka tisa iliyopita, nikayafanyia mtihani, nikafaulu. Ni kwamba haikunijia akilini hata mara moja kwamba yanaweza kuwa ya mke wangu. Niliona haya kiasi kwamba masikio yalipata moto.

"Mpigie Darcy," LaVonne akasema.

"Hii haisemwi kwa simu."

Hakubisha. Ameishi kati ya ng'ombe miaka sitini. Aliingiza mashine ya kukamulia kwenye mkoba, na chupa safi, akanifungulia mlango.

Darcy alikuwa kwenye karakana ya wilaya, wamemwita siku hiyo akague lori lake kabla ya theluji. Nilimkuta amelala chini ya koleo, miguu tu inaonekana. Alipoona viatu vyangu akatoka mbio, grisi kwenye paji la uso.

"Maren ana nini?"

"Mzima. Panda ndani ya lori, tuongee."

Tulikaa juu kule, mtoto akiwa kati yetu kwenye kikapu chake. Nilimgeukia. Nimewatazama wakulima wanane machoni, Orrin akiwemo, na hakuna hata mmoja aliyenipa taabu kama ile.

"Darcy. Siwezi kuyapakia."

Sentensi hiyo aliijua. Ameisikia mezani kwetu mara saba, na kila mara amenimiminia kahawa kabla sijamaliza. "Masikini," akasema. "Ya nani?"

"Ya kwako."

Kwanza alicheka. Halafu akauona mfuko niliouyeyusha, mkononi mwangu, na cheko likakatika. Nikaufungua, nikampa. Akanusa. Akanusa tena kwa muda mrefu, macho yamefumbwa.

"Yote?"

"Nimejaribu ya miezi yote mitatu. Ni yote."

"Wiki kumi na moja, Lyle." Sauti yake ilianza chini. "Nimekamua nikiwa na homa. Nimekamua kwenye choo cha kanisa siku ya harusi ya dada yako, watu wanagonga mlango."

"Najua."

"Na wewe unakaa naye kutwa, na pua yako hiyo ya leseni!"

"Najua."

"Umevaa gauni langu!"

"Najua, Darcy."

"Umenusa chupa ngapi?"

Hapo ndipo paliponichoma. "Hata moja," nikasema. "Nilikuwa namlaumu yeye."

Alilia basi, amelalia usukani, na mimi sikumwambia anyamaze. Nilikaa naye tu. Orrin nilimwacha mlangoni pake mapema mno asubuhi ile. Huyu sikuwa na pa kumwacha. Maren naye akaona mama analia, akaanza wake. Ilikuwa karibu saa sita na alikuwa na njaa kweli.

Darcy aliinua kichwa kwa sauti ile. Akajifuta kwa kiganja, grisi ikaenea hadi shavuni.

"Umeleta mashine?"

"Iko mkobani."

"Shuka na mtoto. Akiniona atanitaka mimi."

Nilishuka na Maren, nikamzungusha nyuma ya magunia ya chumvi. Gordy akaja anafuta mikono. "Kuna tatizo na lori?"

"Hapana. Anakamua."

Gordy akawa mwekundu kama paa la ghala. Akageuka bila neno, akaenda kusimama mlangoni pa karakana, mgongo kwetu, mikono kifuani. Nikamsikia anamwambia Wade, "Huingii. Nimesema huingii. Kakojoe nje."

Baada ya robo saa dirisha la lori likashuka, na mkono wa Darcy ukatokea na chupa, bado ya vuguvugu. Nilikwenda kuichukua. Nikafungua kifuniko, nikanusa. Sikuharakisha. Kule juu alikuwa amenyamaza kabisa, na nilijua anangoja nini.

"Pakia," nikasema.

Nikarudi nyuma ya magunia, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chuchu ikaingia. Maren akavuta mara mbili, akakunja uso, na ulimi ukaanza kuisukuma kama siku zote. Kisha uso ukasita, nusu umekunjwa. Akavuta tena mara moja, kwa mashaka, kama mteja aliyewahi kuibiwa duka hilo. Halafu akakamata chupa kwa mikono yote miwili, akanywa mpaka nikasikia mlio wa koo lake.

"Lyle?" Darcy akaita kwa sauti ndogo.

"Nyamaza, mama wewe! Anakunywa."

Karakana nzima ilikaa kimya. Hata Wade huko nje, sijui kwa nini.

Jumamosi na Jumapili vilima vyetu vilikuwa vinalia risasi za wawindaji, na sisi tulikuwa jikoni. Darcy anakamua, LaVonne anasimamia sufuria na kupiga kelele, "Vipovu! Toa! Toa!", mimi napoza kwenye barafu na kuandika tarehe. Maren tulimpa kila chupa kwa mkono wangu, na aligoma mara mbili tu, mara zote mbili kwa sababu nilijaribu kuchanganya na ya zamani, nione kama atatambua. Alitambua. Hadi Jumapili jioni tulikuwa na mifuko tisa. Ilitosha siku moja, na siku moja ndiyo tuliyokuwa tunaihitaji. Nyingine atakamua mwenyewe kazini, saa ya mapumziko, na Gordy alikwisha kubandika karatasi mlangoni pa chumba cha vipuri: *Gonga Kwanza*.

Ile iliyobaki kati ya arobaini na mitatu Darcy aliimwaga mwenyewe, kwenye sinki la kufulia. Hakutaka nimsaidie. Alisoma tarehe ya kila mmoja kabla ya kuukata. "Hii ya homa," alisema. "Hii ya harusi." Mimi nilisimama kando yake mpaka mwisho, maana hicho nacho Harlan alinifundisha: mtu akimwaga maziwa yake, usimwache peke yake.

Jumatatu theluji ilianguka kama walivyosema. Darcy aliondoka amevaa suruali mbili, na mlangoni akanishika kola. "Kila chupa," akasema. "Unanusa kila chupa."

"Kila chupa."

Asubuhi nilichimba theluji njia yetu yote ya gari, kuanzia banda hadi barabarani, mgongo unalia. Saa tatu Maren akaamka. Nikapasha, nikanusa, nikasema neno letu, nikakaa naye dirishani. Alikuwa amefika nusu niliposikia chuma kinakwaruza lami, na lori kubwa likatokea kwenye kona, taa zinazunguka, koleo limeshuka. Majirani wote wanamlalamikia Darcy kwamba anafukia kwa theluji milango ya njia zao za magari na hajali ni ya nani. Nami nikasema moyoni, mimi ni mumewe, atainua koleo.

Hakuinua. Alizoa theluji yote ya Barabara ya S akaiacha mlangoni pa njia yangu, ukuta hadi kiunoni. Kisha akapunguza mwendo, kitu ambacho hakiruhusiwi, akapiga honi mara mbili.

Nilimsubiri Maren amalize mivuto mitatu ya mwisho. Nikainyanyua chupa dirishani, juu kabisa, nikaipindua chini juu aione. Halikutoka hata tone.

Lori likanguruma, likakamata kilima.